Kujenga Nyumba ya Utulivu kwenye Milima ya Buha

Ramani nyingi za nyumba za mapumziko zinazopita mikononi mwa watu wa Dar es Salaam zimebuniwa kwa kuiwaza pwani: kuta nyeupe, paa lililofichwa, kioo kipana kinachotazama maji, vyumba vilivyoachwa wazi ili upepo wa bahari upite. Nyumba ya namna hiyo ina haki yake Kigamboni au Bagamoyo. Lakini mwana wa Kasulu au Kibondo anayetaka kujenga kwao, apate mahali pa kupumzika, kusoma, kusali au kuzeekea, akiichukua ramani hiyo kama ilivyo na kuipandisha kwenye milima ya Buha, mkoani Kigoma, msimu wa kwanza tu wa mvua utamtia gharama. Na hata ikistahimili mvua, itampa mandhari nusu na utulivu nusu. Milima inataka nyumba yake.

Nyumba hiyo inaweza kuwa ya kisasa kabisa. Usasa hauko kwenye umbo la boksi. Uko katika kuacha yasiyo ya lazima na kuifanya kila sehemu ya jengo ionyeshe kazi yake. Wabunifu wetu walilijua hilo zamani. Beda Amuli alipobuni Soko la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975, hakulificha paa. Alilifanya liwe sura ya jengo lenyewe: miavuli ya zege juu ya nguzo, inayotoa kivuli huku ikiruhusu hewa na mwanga kupita. Hapo ndipo pa kujifunzia kabla ya kununua picha za majumba ya ng'ambo.

Kaa kwanza kwenye kiwanja

Kabla hujamtafuta mbunifu, kiangalie kiwanja katika misimu yote miwili. Nyanda za juu za Kigoma hupata mvua kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili au Mei, kisha kiangazi. Watu wengi hununua kiwanja wakati wa likizo ya Juni au Julai, nyasi zikiwa zimelala na njia zikiwa kavu, wasijue kwamba Februari maji ya mlima mzima hupita hapo hapo walipopanga kuweka sebule. Waulize wenyeji maji hupita wapi na mvua ya upepo hupiga kutoka upande gani. Wao wameiona miaka yote; mchoraji wa mjini hajaiona hata mara moja.

Kuna jambo jingine ambalo ni wageni tu wasiolijua. Agosti na Septemba, moto wa nyika ukiwa umewashwa huku na kule katika miombo, ukungu wa moshi hufunika mabonde na vilima vya mbali hupotea. Mandhari iliyo safi kuliko zote huonekana ndani ya msimu wa mvua, kati ya mvua moja na nyingine, hewa ikiwa imeoshwa. Maana yake kwa mjenzi ni kubwa: utaitazama mandhari yako wakati wa mvua. Mahali pa kuitazamia pawe pameezekwa vizuri, pakavu, wala si uwanja wa vigae ulio wazi kama wa hoteli za ufukweni.

Usijenge kileleni. Najua kishawishi chake, kwa sababu kileleni ndiko macho yanakofika mbali. Lakini kileleni kuna upepo wa pande zote, maji ni ya kupandisha, na kuna radi. Mashariki ya Kongo ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi kuliko zote duniani, na milima ya Kigoma ni jirani yake. Shuka kidogo hadi kwenye bega la kilima, mgongo wa nyumba ukingwe na mlima na uso uelekee bondeni. Hata hapo, weka kinga ya radi: fimbo ya shaba juu ya paa na waya mnene wa shaba hadi kwenye ethi iliyozikwa vizuri, tena uunganishe na mabati yenyewe.

Kushuka kutoka kileleni ni heshima kwa wengine pia. Wasanifu walioanzisha makazi ya Sea Ranch, kwenye mwambao wa California, miaka ya 1960, walizisogeza nyumba kwenye safu za miti ya kukinga upepo na kuliacha eneo la nyasi wazi, ili mwambao usiharibiwe na wale wale waliokuja kuutazama. Kilima cha Heru Juu au cha Mabamba kinastahili heshima hiyo hiyo. Jirani aliyeko ng'ambo ya bonde naye ana mandhari, na nyumba yako imo ndani yake.

Kuhusu umiliki nitasema machache. Sehemu kubwa ya viwanja hivi ni ardhi ya kijiji, inayoongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Usinunue kwa maneno ya mtu mmoja; halmashauri ya kijiji ihusike na muhtasari wa kikao uwepo. Kama kuna mto au kijito, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Na kama njia ya mguu ya kwenda kisimani au shambani inakatiza kiwanja, iache ipite. Ukiifunga, utulivu unaoutafuta hautaupata hata ukijenga ukuta wa mita tatu.

Jua la Kigoma lina saa zake

Kasulu na Kibondo ziko karibu na longitudo ya nyuzi 30 mashariki, lakini saa tunazotumia ni za longitudo ya 45. Ndiyo maana huku jua la utosi huja karibu na saa saba mchana, na jua huchwa zaidi ya nusu saa baada ya Dar es Salaam. Kwa anayebuni nyumba, hii ina maana kwamba jioni ni ndefu na jua la magharibi litaingia ndani hadi karibu na saa moja. Sebule inayotazama magharibi bila baraza pana itakuwa na mwanga wa kuumiza macho kuanzia saa kumi.

Saa za mchana hazina shida kubwa. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua hupita upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki upande wa kusini, kila mara likiwa juu sana. Katikati ya Juni urefu wake angani ni nyuzi 62 hivi. Paa likitokeza mita 1.2 nje ya ukuta wa kaskazini, kivuli chake kitashuka zaidi ya mita mbili ukutani, kiasi cha kufunika dirisha zima. Kwa hiyo urefu wa nyumba ulale mashariki–magharibi ikiwa kilima kinaruhusu, na madirisha makubwa yawe kaskazini na kusini.

Mandhari isipokubali, mandhari ishinde, lakini ulipe gharama yake kwa kivuli. Kwa aliyeko Kibondo, ambako ardhi hushuka kuelekea nyanda za Moyowosi na Malagarasi, mashariki ni upande mzuri wa kutazama: jua la asubuhi ni la upole na huingia chumbani wakati kunapokuwa na baridi. Kwa aliyeko Kasulu anayeipenda milima ya Buhigwe na mpaka wa Burundi, upande wake ni magharibi. Aweke baraza la kina kisichopungua mita tatu. Wala asilichukie jua hilo moja kwa moja. Usiku wa Juni na Julai hapa unataka blanketi zito, na ukuta mnene wa tofali uliopigwa na jua la jioni huliachia joto hilo taratibu ndani ya chumba. Hapa ndipo milima inapoachana kabisa na pwani: kule unajenga ili upepo uingie, huku unajenga ili joto la mchana lisitoroke lote.

Dirisha la bonde

Baharini jicho hutazama mbele, kwenye mstari wa upeo. Mlimani jicho hutazama chini, kwenye mashamba ya maharage, migomba, moshi wa jiko na mto. Dirisha pana lenye kizingiti cha mita moja, linalofaa ufukweni, litampa mtu aliyeketi Kasulu anga tupu na vilele vya mbali, na bonde zima litabaki limefichwa chini ya ukuta. Jicho la mtu aliyeketi kitini liko kama mita 1.1 au 1.2 kutoka sakafuni. Shusha kizingiti hadi sentimita 40 au 50 na bonde litaingia ndani. Kizingiti cha namna hiyo, kikiwa kipana, ni pa kuketi pia.

Upande wa juu fanya kinyume: punguza. Anga ya mchana ina mwanga mkali na haina cha kutazama. Ukuta ukiwa na kimo cha mita 3 na paa likishuka kwa nyuzi 15 juu ya baraza la mita tatu, ukingo wa paa utaishia mita 2.2 kutoka sakafuni. Ukingo huo wa chini hukata anga, huzuia mvua ya upepo, na kulipeleka jicho moja kwa moja bondeni. Mbunifu Geoffrey Bawa wa Sri Lanka, aliyelinunua shamba la Lunuganga mwaka 1948 na kulitengeneza kwa miongo kadhaa, aliitumia sana mbinu ya paa pana lililoshuka, na aliifungua mandhari kwa kupunguza miti hapa na kuiacha pale. Kata matawi ya chini ya mti badala ya kuung'oa. Bonde linaloonekana kati ya mashina mawili huonekana la mbali zaidi kuliko lililo wazi lote.

Usifungue kila upande. Le Corbusier, mtu aliyebuni mji mzima wa Chandigarh, alijijengea mwenyewe kibanda cha mbao cha mapumziko huko Cap-Martin, kusini mwa Ufaransa, kilichokamilika mwaka 1952. Chumba chake kina mita 3.66 kwa 3.66. Bahari ya Mediterania iko chini yake, lakini kibanda hakikuzungushiwa kioo. Kina madirisha madogo yaliyochaguliwa, kila moja na sababu yake. Chagua mandhari moja kubwa kwa ajili ya sebule na baraza, na kila chumba kingine ukipe kipande kidogo: mwembe, mwamba, kona ya njia. Mwenye kuona kila kitu kutoka kila mahali huacha kutazama baada ya wiki moja.

Kuna suala la grili, ambalo wachoraji hulikwepa. Nyumba nyingi nchini zinazo, na nyumba inayobaki na mlinzi peke yake miezi kadhaa itazihitaji. Basi ziingie kwenye ramani tangu mwanzo. Nondo nyembamba za wima, bila maua wala mapambo, zilizopangwa sambamba na fremu za dirisha na kupakwa rangi nyeusi au kahawia iliyokolea, hazilisumbui jicho. Grili nyeupe ndiyo ya kwanza kuonekana. Kioo nacho kigawe katika vipande vya upana wa mita moja hivi, kwa sababu kioo kikubwa kitasafirishwa mbali, na kikipasuka dirisha litakaa na turubai hadi safari nyingine ya lori.

Paa lionekane

Paa la kuficha, lililozungushiwa ukuta juu, sasa linaonekana kuanzia Dodoma hadi Kigoma mjini. Kwa milima ya Buha silishauri. Huku mvua huzidi milimita 1,000 kwa mwaka, na nyingi huja kwa vishindo vya saa moja. Paa la kuficha hukusanya maji yote kwenye mfereji ulio ndani ya kuta. Majani yakiuziba, au kiungo kikifunguka, maji hayamwagiki nje. Yanaingia kwenye silingi. Paa lililo wazi, hata gata likiziba, hudondosha maji nje ya ukuta na wewe unaendelea kulala.

Umbo safi lipo bila kulificha. Tumia paa la miteremko miwili, au mmoja, lililonyooka bila vikona na vipandikizi, lenye mabati marefu yaliyokatwa kwa kipimo ili yasiwe na maungio katikati, rangi ya udongo au kijivu. Kila kona ya paa inayopokea maji kutoka pande mbili ni mahali pa kuvuja baadaye. Ramani yenye kona kumi na mbili si ya kifahari zaidi ya ile yenye kona nne. Ina gharama zaidi tu.

Sasa utulivu. Bati likipigwa na mvua ya Machi, watu wawili waliokaa meza moja hawasikilizani. Ni ajabu jinsi nyumba za mapumziko zinavyojengwa bila kulifikiria hili. Chagua bati nene. Geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 kuliko 32. Kati ya bati na silingi acha nafasi ya kutosha na uweke matandiko ya kuzuia sauti juu ya mbao za silingi, ambayo pia hupunguza joto la mchana na baridi ya usiku. Vigae hunyamaza zaidi ya bati, lakini ni vizito, na kenchi na kuta zake lazima ziandaliwe. Hakikisha pia mbao za kenchi zimetiwa dawa, maana mchwa wa huku hawana likizo.

Jenereta usiliweke kabisa. Kigoma iliishi kwa majenereta ya dizeli kwa miaka mingi na kila mtu anaijua sauti yake. Umeme wa gridi ukisumbua, sola yenye betri itatosha kwa taa, simu, redio na friji ndogo. Barabara ya lami inayopita Kasulu na Kibondo imerahisisha kuleta saruji na nondo, lakini malori husikika mbali usiku. Chagua kiwanja ambacho mgongo wa kilima umekaa kati yako na barabara.

Kuta, na tetemeko ambalo watu husahau

Tofali la kuchoma ndilo la kawaida hapa, na linavutia bila lipu likijengwa na mwashi makini. Gonganisha mawili: likitoa mlio mkali limeiva, likitoa sauti butu lirudishe. Lakini tanuri hula kuni, na misitu ya wilaya hizi imebeba mengi. Wakimbizi wa kambi ya Nyarugusu tangu 1996 na wa kambi ya Nduta, pamoja na vijiji vyetu vyenyewe, wote wamepikia kuni za miombo ile ile. Anayejenga nyumba ya kutazama miti anaweza kuikwepa tanuri. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba na Vifaa vya Ujenzi umehimiza tofali za kufungamana, zinazoshindiliwa kwa mashine kutoka udongo na saruji kidogo bila kuchomwa. Udongo wa kiwanja chako mwenyewe ukipimwa na kufaa, ukuta utakuwa na rangi ya kilima chenyewe.

Tuko kwenye Bonde la Ufa. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilitokea eneo la Ziwa Tanganyika, na Septemba 2016 Bukoba ilipoteza watu na maelfu ya nyumba kwa tetemeko dogo zaidi ya hilo. Ukuta wenye madirisha makubwa ndio dhaifu kuliko wote, kwa hiyo anayetaka mandhari ana wajibu wa ziada. Lenta izunguke nyumba nzima bila kukatika. Kila uwazi mpana uwe na nguzo ya zege yenye nondo pande zote mbili, nondo zake zikiingia kwenye msingi chini na kwenye lenta juu. Usipeleke dirisha hadi kwenye kona ya nyumba kwa sababu tu umeliona kwenye picha. Mhandisi aseme kwanza.

Na usichonge kilima ili upate uwanja wa usawa. Nyumba nyembamba, chumba kimoja kwa upana, mita 5.5 hivi kwa 16, ikilala kufuata kontua, haihitaji kukata udongo mwingi. Sakafu inaweza kushuka ngazi mbili au tatu kati ya vyumba na sebule. Juu ya nyumba chimba mfereji wa kuyapokea maji ya mlima na kuyazungusha pembeni.

Mabaraza mawili

Nyumba ya kijijini kwenu haitakuwa ya upweke hata siku moja. Shangazi atakuja, wazee watakuja kukujulia hali, watoto wa jirani watapita. Atakayejenga baraza moja tu, lile la mandhari, atajikuta ama amewaketisha wageni wote mahali pake pa kusomea, ama amewasimamisha mlangoni. Jenga mawili. La kwanza litazame njia, liwe na benchi refu la kujengea, mtu aingie hapo bila kubisha sana. La pili liwe upande wa bonde, lifikiwe kwa kupita ndani. Jiko la kuni au mkaa liwe nje upande wa njia, moshi usivuke mbele ya mandhari. Badala ya ukuta wa bloku, ua wa minyaa unatosha, ukikatwa uwe chini ya kiuno upande wa bonde; utomvu wake ni hatari kwa macho, kwa hiyo usiupande mahali watoto wanapochezea.

Maji yatoke juu ya paa. Mita za mraba 100 za paa, kwa milimita 1,000 za mvua na kupoteza sehemu moja ya tano, hutoa lita 80,000 kwa mwaka. Watu wanne wakitumia lita 40 kila mmoja kwa siku, kiangazi kikiwa cha siku 120 kinahitaji lita 19,200. Simtanki mbili za lita 10,000, zikiwa nyuma ya nyumba na si mbele ya mandhari, zinatosha kwa siku hizo; kiangazi kikirefuka, ongeza. Mvua ya kwanza ya msimu iache imwagike, ioshe vumbi na majivu ya nyika. Majivu hayo yakukumbushe pia kufyeka nyasi kuizunguka nyumba kila Juni, mita kumi au zaidi, kabla moto haujafika.

Ramani ichorwe na mbunifu aliyesajiliwa na bodi ya wabunifu majengo, na kibali cha ujenzi kiombwe halmashauri kabla ya kuchimba msingi. Mafundi walipwe kwa hatua, kila hatua ikishakaguliwa. Kama unaishi mbali na huwezi kusimamia kila siku, panga likizo yako iangukie siku mbili: siku ya kumwaga lenta na siku ya kupaua. Makosa mengine mengi yanarekebishika baadaye kwa lipu na rangi. Ya siku hizo mbili hayarekebishiki bila kubomoa, kwa hiyo siku hizo usimtume mtu, nenda mwenyewe.